Tupeane uzoefu: kubadilisha prosesa kwenye kompyuta ya zamani ya gemu kwa pesa kidogo

Wakuu, habari zenu. Nimeona ni vyema tukusanye mahali pamoja simulizi za wale ambao wameshabadilisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwenye mashine zao za mtumba, kwa sababu wengi wetu tunachezea mashine zilizotumika maofisini huko Ulaya na Marekani, na swali linalorudi kila siku ni lile lile: nikibadilisha prosesa peke yake, gemu litakwenda? Naomba kila mmoja aeleze mashine yake ni ipi, prosesa gani ilitoka, ipi iliingia, na kama tofauti aliiona kweli kwenye mchezo. Naanza na yangu.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010 yenye kasha refu, na ilinifikia ikiwa na Core i3-3220 ya kore 2 (kore ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi). Nilikuwa nimeshaifunga kadi ya picha ya GTX 1050 Ti, ambayo niliichagua makusudi kwa kuwa inatosheka na wati 75 zinazopita kwenye tundu la mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), maana pawasaplai, kile kifaa cha kugawa umeme, ya mashine hii ni ya wati 275 tu na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Gemu za mpira zilikwenda vizuri. GTA V ndiyo iliyonitesa, kwani kila nilipoingia katikati ya mji kwa gari picha ilikuwa inakwama, inaruka, kisha inakwama tena.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja nilifanya jaribio ambalo ninawasihi wote mlifanye. Nilicheza kipande kile kile cha mji mara mbili, kwanza kwa resolusheni (wingi wa nukta za picha) ya 1080, kisha nikaishusha hadi 720. Kama kadi ndiyo iliyoelemewa, fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, zingepanda mara moja, kwa sababu kazi yake imepunguzwa. Zangu zilibaki pale pale, 45 hivi kwa sekunde, huku kadi ikitumika asilimia 60 na prosesa ikiwa imefika 100. Hapo nilijua kwa hakika kwamba prosesa ndiyo inayomchelewesha mwenzake.

Nilipata Core i7-3770 iliyotumika, Kariakoo, kwa shilingi 95,000. Ina kore 4 zinazoshughulikia kazi 8 kwa mpigo, inakaa kwenye soketi (kitako cha prosesa kwenye mazabodi) ile ile ya 1155, na inakula wati 77, kwa hiyo feni ya zamani iliitosha. Nilipofungua skrubu nne za feni na kuinyanyua, niliikuta pesti ya kupoozea imekauka, inabanduka vipande vipande kama udongo wa kichuguu wakati wa kiangazi. Niliifuta kwa pamba yenye spiriti hadi chuma kikang'aa, nikailaza prosesa mpya nikihakikisha vijipengo vyake vya pembeni vimelingana na vya soketi, bila kuikandamiza, nikaweka pesti kiasi cha punje ya choroko katikati, kisha nikakaza skrubu kwa kupishanisha pembe ili feni isilalie upande mmoja. Kwenye mji ule ule sasa napata fremu 70 na kitu. Hata hivyo, kilichonifurahisha zaidi ya wastani huo ni kwamba yale makwamo ya ghafla yametoweka.

Kutoka Mwanza

Mkuu, ahsante kwa kuanzisha. Mimi nilisoma kwamba i7-3770 ni ya soketi 1155, nikaangalia OptiPlex 790 yangu, nayo ni 1155, nikanunua. Ilikaa vizuri kabisa kwenye soketi, lakini nilipowasha, kitufe kilibaki na taa ya rangi ya chungwa na kioo hakikuonyesha chochote. Kwa siku tatu nilikuwa nikilaumu memori, nikizihamisha tundu hadi tundu, hadi fundi mmoja mzee akaniuliza chipu ya mazabodi yangu ni ipi. Ni Q65, na Q65 inakubali prosesa za kizazi cha pili tu (namba zake zinaanza na 2), ijapokuwa za kizazi cha tatu, kama hiyo 3770, zinaingia kwenye soketi hiyo hiyo. Muuzaji alikataa kurudisha pesa lakini alikubali kubadilishana, nikaongeza kidogo nikachukua i7-2600, na mashine ikawaka mara ya kwanza.

Kwa hiyo ndugu zangu, soketi kulingana hakutoshi. Tafuteni orodha ya prosesa ambayo mtengenezaji wa mazabodi ameitaja. Mtego huu upo pia kwenye soketi ya 1151: mazabodi zilizotengenezwa kwa ajili ya kizazi cha sita na cha saba hazipokei kizazi cha nane, japo idadi ya pini ni ile ile.

Kutoka Mombasa

Yangu ni fupi. Nilikuwa nimeshaweka pesa pembeni kwa ajili ya i7-4770 ili nitoe i5-4570. Rafiki yangu akanishauri niangalie joto kwanza. Prosesa ilikuwa inagonga nyuzijoto 100 dakika kumi baada ya kuanza mchezo, na ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tulipoitoa feni tulikuta vumbi la pwani limeshikana na unyevu likawa kama kitambaa, hewa haipiti. Tulisafisha, tukaweka pesti mpya, na gemu likarudi kama siku niliyoinunua. Pesa ile ninayo hadi leo.

Kutoka Maskati

Salaam alaikum. Mimi nipo upande wa AMD, si wa Intel kama prosesa zenu, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo mwenye bajeti ndogo anapoweza kupata faida kubwa. Nilikuwa na Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017 kwenye mazabodi ya B450. Soketi ya AM4 imedumu muda mrefu kiasi kwamba mazabodi hiyo hiyo inapokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022. Zote mbili zina kore 6 na zote ni za wati 65, lakini kwenye gemu, ile 5600 imeiacha ya zamani mbali sana, kwa kuwa kila kore inafanya kazi kubwa zaidi ndani ya muda ule ule. Sikubadilisha memori, wala pawasaplai, wala kasha.

Mambo mawili niyasisitize. La kwanza, sasisheni BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine) wakati prosesa ya zamani bado imo ndani. Ukiitoa kabla, ile mpya huenda isiwake, na hapo utalazimika kuazima prosesa ya mtu ili uweze kusasisha. La pili limenitoa jasho. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, na pesti ikikauka inaigandisha prosesa kwenye feni. Nilivuta feni moja kwa moja juu, na prosesa ikachomoka nayo ilhali soketi bado imefungwa. Pini nne za pembeni zililala. Nilikaa chini ya taa kwa zaidi ya saa moja, nikizinyanyua moja moja kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile iliyotolewa risasi, nikizilinganisha na mstari wa wenzake. Alhamdulillah zilisimama bila kukatika, na prosesa hiyo niliiuza ikiwa nzima. Wanaofanya hivi waiwashe kwanza mashine ipate joto, waizime na kuchomoa umeme, kisha waizungushe feni polepole kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua.

Kutoka Nairobi

Kwa wenye soketi ya 1150, msizisahau Xeon zilizotoka kwenye seva. Mimi nilitoa i5 nikaweka Xeon E3-1231 v3 kwenye mazabodi ya B85, na kwa kazi inakaribiana mno na i7-4770 kwa bei iliyo chini yake. Dosari yake ni kwamba haina uwezo wa picha ndani yake. Kadi yangu ilipoharibika nilibaki na mashine inayowaka bila kuonyesha kitu, hadi nilipoazima kadi nyingine kwa jirani.

Kutoka Dodoma

Sitaki kumvunja mtu moyo, lakini ni haki tuambiane ukweli. Prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu hazina maagizo ya AVX2 (amri za hesabu ndani ya prosesa), ambayo yalianza na kizazi cha nne, na zipo gemu mpya ambazo hazifunguki kabisa bila hayo, hata kadi yako iwe nzuri namna gani. Halafu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kama mashine ya kizazi cha tatu unayo tayari na gemu zako ni za miaka iliyopita, weka i7 ya mtumba na ufurahi. Kama bado hujanunua mashine, subiri, jikusanye, utafute ya kizazi cha nane, kwa kuwa hata i5-8500 ina kore 6.

Nami naomba kuuliza kwa niaba ya mdogo wangu. Ana i5-3470, kadi ni GTX 1050 Ti kama ya mwanzisha mada, memori ni kijiti kimoja cha GB 8. Je, naye aweke i7-3770?

Mwanzisha mada

Mkuu wa Dodoma, mdogo wako tayari ana kore 4, kwa hiyo asitegemee mruko kama wangu niliotoka kwenye kore 2. Mimi ningeanza na kijiti cha pili cha memori kinacholingana na hicho alichonacho, kwa sababu viwili vikifanya kazi sambamba prosesa inapata data kwa upana maradufu, na memori ya mtumba ya aina hiyo, DDR3, haina bei kubwa. Kisha afanye jaribio la 1080 na 720 kwenye gemu lile linalomsumbua, na utuandikie hapa namba zote mbili pamoja na asilimia ya kadi. Tukiziona hizo ndipo tutajua kama inafaa atumie pesa kwenye prosesa.