Mama kagongwa na kosta, tajiri wa gari kaleta laki nne na karatasi ya kusaini, tufanyeje?

mtoto_wa_kihonda
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Mama yangu ana miaka 56, ni mama ntilie hapa Morogoro, mwezi wa tatu alfajiri alikuwa amesimama pembeni ya barabara na ndoo yake ya maharage anasubiri bodaboda, kosta ikamfuata hukohuko pembeni, dereva alikuwa anakimbizana na mwenzake kuwahi abiria. Mguu wa kulia umevunjika sehemu mbili chini ya goti, kawekewa antena (vile vyuma vya nje vya kushikilia mfupa), wiki ya tano sasa hata chooni anabebwa na mdogo wangu wa kike ameacha kibarua ili amuuguze.

Polisi tulipata PF3 (fomu ya kwenda kutibiwa), dereva akapelekwa mahakamani akakubali kosa akalipa faini, sisi tumekuja kusikia baadaye. Jana mwenye gari kaja na wazee wawili, kaleta laki nne na karatasi ya daftari imeandikwa kwa mkono kwamba mama amelipwa fidia yote na hatamdai tena mmiliki wala dereva, na pa kuweka dole gumba wameshapachora duara kabisa. Mama anataka asaini yaishe, hapendi maneno na watu. Nimewaomba siku tatu. Ile faini si ilikuwa ya mama? Na tukikataa hizi hela si tutakosa vyote?

dawati_la_madai
Pole sana mkuu, mpe pole na mama. Faini ni ya serikali, mama haimhusu hata senti. Anachostahili yeye ni fidia na hiyo hakuna aliyeilipa bado.

Nafanya kazi idara ya madai kwenye kampuni moja ya bima. Gari lolote linalotembea barabarani lazima liwe na bima ndogo, ipo kwenye Sheria ya Bima ya Magari sura ya 169, na hiyo bima ndogo ipo kwa ajili ya mtu kama mama yako, aliyeumizwa na gari la mtu mwingine. Kesho chukua namba ya gari uhakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unafanya kwa simu tu, utaona kampuni gani na bima inaisha lini. Kisha nenda trafiki ufuatilie PF90 (ripoti ya polisi ya ajali) na ramani ya ajali, nenda mahakamani uombe nakala ya hukumu ya dereva maana alikubali kosa na hiyo ni silaha kubwa, halafu iandikie kampuni barua, nakala yako wakugongee muhuri.

Na ile karatasi msisaini. Mtu akija kwetu jambo la kwanza tunauliza kama walishamalizana na mwenye gari, ikitokea karatasi ya namna hiyo dai linakuwa gumu sana.

fundi_randa
Sikiliza ya dawati hapo juu kwa makini. Mimi niligongwa na pikipiki nikasaini kwa laki sita nikijua mfupa utaunga, miezi saba baadaye daktari ananiambia haujaunga nirudi tena tiati, chuma kipya, na yule bwana nikimpigia ananisomea karatasi yangu mwenyewe kwenye simu. Msimalizane na mtu kabla daktari hajasema mguu utabaki na hali gani.

Halafu risiti. Zile za mashine zinafutika, mimi nilitunza kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati nikaja kutoa karatasi nyeupe tupu. Toeni fotokopi zote leo, za dawa, za eksirei, hata bajaji ya kwenda kliniki mwombeni dereva aandike na asaini.

mzee_wa_mindu
Vijana msimdanganye mwenzenu, kesi zinachukua miaka na mama anahitaji kula leo. Mwenye gari angeweza asije kabisa. Laki nne iliyo mkononi mimi ningechukua.

wakili_mtaani
Mzee wangu shikamoo, hoja ya kula leo ni ya kweli kabisa, ila hela zinaweza kupokelewa bila kuuza haki. Andikeni karatasi nyingine: amepokea laki nne kama mchango wa matibabu, na haki ya kudai fidia inabaki palepale. Akikataa kuisaini hiyo mtakuwa mmejua alikuja kufanya nini.

Mtoto wa Kihonda, muda mnao lakini msiulalie, madai ya namna hii ukomo wake ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikifika mahakamani mnawashtaki dereva na mmiliki wote wawili, na kampuni ya bima ipewe taarifa kwa maandishi kabla. Gharama zilizotumika lazima uzithibitishe moja moja, ndo maana fundi kasisitiza risiti, ila maumivu na ulemavu anapima hakimu mwenyewe na hapo ripoti ya daktari ndo inabeba uzito. Kipato cha mama ntilie kinathibitishika pia, leteni daftari la mauzo, barua ya serikali ya mtaa, wateja wake wa kila siku waje kushuhudia.

Jihadhari na vishoka, madalali wa kesi wanaozunguka mawodini wakitaka asilimia ya fidia. Kama wakili ni gharama watafute TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu) au wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Na kampuni ya bima ikianza kuwazungusha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kulalamika ni bure.

mtoto_wa_kihonda
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimehakiki, bima ya kosta iko hai. Mwenye gari nimempelekea karatasi ya wakili, kasema anakwenda kushauriana. Mama kakubali kusubiri, ila anauliza ile ndoo na sufuria zake mbili zilizopondwa na gari kama nazo zinaandikwa.

wakili_mtaani
Ziandike zote na bei zake, na maharage ya siku ile pia. Kama zipo bado zipige picha, usizitupe.