Naomba ushauri: kitabu cha marehemu ami kimeingia kuvu

Assalam alaykum ndugu zangu. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Ametuachia kitabu cha mwongozo chenye picha cha Ikulu ya Marekani, kile kilichotolewa 1962 kwa juhudi za Jacqueline Kennedy, mapato yakisaidia kununua samani za kihistoria za jumba hilo. Chumba Chekundu, cha Kijani, cha Bluu, vyote vimo. Nakienzi mno.

Tunakaa Kibokoni, na unyevu wa bahari unaingia hadi kabatini. Kurasa za katikati zimegandana, pembeni zina madoadoa ya kahawia. Jirani anasema nizipitishe kwenye mvuke wa birika. Nasita, maana ni karatasi ya kung'aa, na hiyo ikipata maji ndiyo hunatana kabisa.

Wanaojua kuhifadhi vitabu, nizitenganishe vipi bila kuchana picha? Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vitafaa kabatini? Na kuna fundi wa kujalidi hapa Mombasa mwenye mkono mwepesi kwa karatasi kuukuu? Wengi hukimbilia kukata kingo kwa mashine, na hilo sitaki kabisa.