Kenge anamaliza mayai na vifaranga (Luchelele, Mwanza): nataka kumtoa bila kumuua

Mwanaluchelele
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa haraka, hasa kwa mnaofuga pembezoni mwa ziwa.

Naishi Luchelele. Nyuma ya nyumba kuna mawe makubwa, chini ya mawe ni matete mpaka majini. Nafuga kuku wa kienyeji. Mayai yanatoweka kwenye viota, na vifaranga nikiamka asubuhi nakuta vimepungua. Kenge yupo, mkubwa, anaota jua juu ya jiwe karibu na tanki la maji. Majirani wananiambia nimpige shoka yaishe. Sitaki. Huyu na ukoo wake walikuwa kwenye mawe haya kabla mimi sijamwaga zege, na sioni haki ya kumuua kwa sababu nimemwekea mayai mlangoni kwake.

Naomba kujua: mtego wa kumnasa bila kumjeruhi unakuwaje? Na akinaswa aachiwe wapi, umbali gani, ili asirudi?

Dogo wa Igoma
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Sikio la kenge halisikii mpaka litoke damu, wewe unataka kumbembeleza!

Bibi wa Igombe
Mwanangu, usiwasikilize wa shoka. Mama yangu alikuwa anabanika samaki hapa Igombe, na kenge walikuwa wanakuja mpaka jikoni. Hatukuwatega. Tulikuwa tunapasua sato na kutupa utumbo pale pale nyuma ya nyumba, basi wao wanafuata harufu. Baba alipochoka akachimba shimo refu, utumbo wote ukawa unafukiwa jioni ile ile. Walipungua wenyewe. Siku hizi naona vijana wanapasua samaki kwenye karai, maji ya damu wanamwaga uani, halafu wanashangaa kugongewa hodi na wanyama. Na siku hizo samaki walikuwa samaki kweli, tulikuwa na ningu, tulikuwa na furu wa kila rangi. Wewe utumbo wa samaki unatupa wapi?

Fundi Nyakato
Mtego upo, nimeshawachomea watu. Ni boksi la nondo nyembamba na wavu wa chuma wa matundu madogo, urefu usipungue mita moja na nusu maana kenge mkubwa anafika mita mbili na mkia. Mlango mmoja wa kushuka, ndani mwisho kabisa unaweka kibao cha kukanyaga kilichofungwa waya unaoshikilia mlango. Chambo ni mayai au kichwa cha sangara. Ncha zote za waya zikunjwe nje, la sivyo ataumia pua akihangaika kutoka. Matundu yakiwa makubwa anapenyeza kichwa, anakwama. Kwa bei njoo inboksi.

Mzee wa Kirumba
Swali la mtego mmeshamjibu. Mimi nauliza hilo la "aachiwe wapi". Sisi watu wa ziwa hili ndio wa mwisho tunaopaswa kuchukua kiumbe hapa na kukitupa pale. Sangara hakuwa wa kwetu. Aliletwa miaka ya 1950 na watu waliodhani wanasaidia, na furu wakafa aina kwa aina, bibi hapo juu ni shahidi. Kenge wa Luchelele ukimpeleka kwingine unakuta kwenye mawe yale kuna kenge wengine wenye eneo lao. Watamfukuza, au atatangatanga mpaka apigwe shoka na mtu asiye na moyo kama wako. Na mawe yako hayabaki tupu. Akitoka huyu anaingia mwingine, kwa sababu mayai bado yapo.

Dogo wa Igoma
Mzee, mpelekeni Saanane akaishi na wenzake, kuna hadhi.

Mzee wa Kirumba
Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kijana. Si mahali pa mtu kufika na gunia.

Ticha Buswelu
Mwanaluchelele, nina maswali mawili. La kwanza, mbona una haraka? Kenge anayekula mayai ni kero, si dharura. La pili, unauliza umbali wa kumwachia kana kwamba safari imeshapangwa. Mtego umeshautengeneza?

Mwanaluchelele
Ticha, haraka ni kwa sababu ya kuku. Bibi wa Igombe, shikamoo. Utumbo tunatupa kwenye matete, mbali na nyumba. Nitalifanyia kazi la shimo.

Ticha Buswelu
Hujajibu la mtego.

Mwanaluchelele
Sawa. Mtego ninao, na kenge yumo. Amenaswa jana mchana.

Sikusema mwanzoni kwa sababu nilijua mtaanza kunihukumu badala ya kunishauri. Nimeongea na mvuvi mmoja anayetoka alfajiri, atamchukua mpaka kisiwa kidogo kisicho na watu na kumwachia huko. Kianzio nimeshampa. Hatauawa, hatauzwa, na hatarudi maana kuna maji mengi katikati. Naona ni njia ya heshima kuliko zote nilizopewa na majirani. Nilichotaka kujua ni kama umbali ule unatosha.

Ticha Buswelu
Umbali tutaongea baadaye. Yuko wapi sasa hivi? Kivulini? Kenge hajipozi mwili mwenyewe kama sisi, anategemea kuhama kati ya jua, kivuli na maji. Boksi la chuma juani Mwanza saa saba mchana linamuua ukiwa umeenda kununua pumba.

Mwanaluchelele
Yuko kwenye banda la mabati, nimemfungia watoto wasimsogelee.

Ticha Buswelu
Mtoe humo sasa. Banda la mabati ni tanuri. Weka mtego chini ya mti, lowanisha gunia la katani ulitandaze juu, lifunike pande tatu. Giza linamtuliza na unyevu unampoza. Usiingize mkono, wala usimshike mkia kupitia wavu. Mkia wake ni kiboko, kucha zinachana, na akiuma haachii upesi. Ukimaliza kushika mtego osha mikono kwa sabuni, reptilia hubeba vimelea vya kuharisha. Ukishafanya rudi hapa useme.

Mkulima Magu
Na la sheria mbona mnalikwepa? Wanyamapori nchi hii ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wao. Kukamata na kusafirisha mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kama nia yako ni njema. Mvuvi wako akikutwa ziwani na kenge kwenye mtumbwi, hakuna atakayeamini mnampeleka likizo. Nenda ofisi ya kata, uliza afisa wanyamapori wa halmashauri, au wasiliana na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Mimi shambani kwangu viboko walipoingia nilifanya hivyo. Walichelewa, lakini walifika.

Mwanaluchelele
Nimemhamishia chini ya mwembe, gunia limelowa. Ametulia. Asante Ticha.

Kuhusu sheria, Mkulima, wanaoua kenge na nyoka mtaani kila siku mbona hawaulizwi? Mimi ninayemwachia mzima ndiye mkosaji? Afisa nikimwita nitasubiri mpaka lini, mnyama akiwa kwenye boksi? Mvuvi anatoka kesho alfajiri. Naona nimeshafika nusu ya njia.

Nyegezi Kona
Jamani mnamjibu mtu wa chai. Nimesoma kila alichoandika. Amesema vifaranga vinapotea usiku, anaamka asubuhi vimepungua. Kenge ni mnyama wa mchana! Usiku amelala kwenye pango, mwili umepoa, hata kutembea ni shida. Nimekulia Malimbe, sijawahi kuona kenge anavunja banda saa nane usiku. Halafu kila akiulizwa anatoa kipande kipya: kwanza hana mtego, mara anao, mara kenge yumo, mara kuna mvuvi. Weka picha, bila picha hii ni chai.

Dogo wa Igoma
Na ina tangawizi.

Mwanaluchelele
Nyegezi Kona, sina faida yoyote ya kutunga. Picha siweki kwa sababu nimeshaambiwa hapa hapa kwamba kumkamata ni kosa, halafu niweke ushahidi? Mayai yanaliwa mchana, nimemwona kwa macho yangu kichwa kikiwa ndani ya kiota. Vifaranga ndivyo vinapotea usiku. Niliviunganisha kwa sababu yeye ndiye ninayemwona.

Ticha Buswelu
Nyegezi Kona hakuthibitisha chai, ila ametusaidia wote. Mwanaluchelele, wezi wako ni wawili.

Yai likitoweka zima mchana bila maganda, ni kenge, kwa kawaida anameza. Kifaranga kinachotoweka usiku ndani ya banda lililofungwa ni mnyama mwingine kabisa. Fikiria kanu, yule mwembamba kama paka mwenye madoa, au kicheche, yule mdogo mwenye mistari mgongoni. Kanu anapanda, anaingilia juu kwenye upenyo kati ya ukuta na bati. Kicheche anapita chini, na mara nyingi anakuachia harufu utakayoisikia kabla hujafungua mlango. Leo jioni mwaga majivu laini mlangoni, pembeni mwa ukuta, na juu ya ukuta kama panafikika. Asubuhi angalia nyayo. Za kanu zinafanana na za paka, kucha hazionekani. Kicheche ana kucha ndefu za mbele, utaona vitone mbele ya vidole.

Ukimpakia kenge mtumbwini kesho alfajiri, kesho kutwa usiku vifaranga vitapungua tena.

Bibi wa Igombe
Na mtetea mwenye vifaranga asilale chini. Mweke kwenye tenga lenye mfuniko, ndani ya nyumba kama ni lazima. Sisi tulilala nao jikoni.

Mzee wa Kirumba
Fikiria na hicho kisiwa chako kisicho na watu, mwanangu. Hakina watu, lakini kina ndege wanaotaga chini.

Mwanaluchelele
Nimerudi. Majivu niliyamwaga. Mlangoni hakuna kitu. Juu ya ukuta upande wa jikoni kuna nyayo ndogo za mviringo, bila kucha, zinaelekea kwenye upenyo wa bati. Kifaranga kimoja hakipo.

Mvuvi nimemwambia asije, kianzio abaki nacho. Mama mwenyekiti wa mtaa amenipa namba ya afisa, nimempigia. Amesema nisimsafirishe popote, anakuja mwenyewe, na kama mnyama hana jeraha ataachiwa hapo hapo kwenye matete mbele yake. Bado nasema mayai alikula yeye, hilo silifuti.

Nyegezi Kona
Picha ya nyayo basi, hiyo si kosa.

Mwanaluchelele
Kuku wameshazikanyaga.

Nyegezi Kona
Haya.

Ticha Buswelu
Wakati unamsubiri afisa, lowanisha gunia upya, na kenge usimlishe. Mayai yakusanye saa nne na tena saa tisa, na viota vipandishe juu usawa wa kiuno, kwenye boksi lenye mlango mdogo unaomtosha kuku tu. Chini zungusha wavu wa chuma na uufukie sentimita 30 ardhini, maana kenge anachimba.

Mwanaluchelele
Na ule upenyo wa juu? Nikiziba kabisa banda litakosa hewa.

Fundi Nyakato
Huzibi kwa bati wala matope. Unapigilia wavu ule ule wa matundu madogo kuanzia ukutani mpaka kwenye kenchi, hewa inapita, kanu hapiti. Usiache hata pa kuingiza ngumi, wale wanajinyoosha. Ila kabla hujapigilia hakikisha hajalala humo darini na watoto, utawafungia ndani. Pima urefu wa kuta zote nne unitumie, nikukatie wavu kwa pamoja.