Msaada: sauti za ajabu kwenye redio (SW na CB), nipo Igombe Mwanza

Kijana wa Mwaloni
Wakuu habari za jioni. Nina redio ya marehemu mzee inayoshika SW (masafa mafupi), na CB (redio ya kuongea na watu wa karibu) niliyoinunua kwa jamaa wa skrapa. Fundi wa hapa kaniambia "antena hiyo", akachukua hela yake akaondoka.

Kero ya kwanza ni mngurumo mzito kwenye SW. Ukizungusha namba unapotea, ukisogea kidogo upo tena. Unaanza jua likipanda, jioni unaifunika redio ya Zanzibar kwenye 11735 kHz, kisha giza likiingia unakata ghafla. Kinachonichanganya, kuna siku zinapita mfululizo bila kusikika kabisa. Halafu huyo unarudi.

Ya pili, mchana kwenye CB naokota wanaume wanaongea lugha nisizozijua, na mluzi juu yake. Ya tatu ni tatatata ya haraka kwenye SW, inakaa kidogo inahama. Mke wangu anasema ni majini ya ziwa. Nawasilisha.

Binti Kayenze
Majini yanatumia chaneli ngapi shemeji? 😂 Ngoja waje wajuzi.

Mzee wa Masafa
Hizo ni tatu tofauti, usizitafutie dawa moja. Ya CB wala si kero. Masafa ya 27 MHz kwa kawaida hayafiki mbali, ila jua likichangamka, mawimbi yanadunda kwenye ayonosfia (tabaka la juu angani) na kutua maelfu ya kilomita. Mzunguko wa jua kuchangamka na kutulia ni kama miaka 11. Huu wa 25 ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza umeingia kileleni. Mluzi ni vituo viwili kugongana kwenye chaneli moja. Sikiliza ufurahi, ila usibonyeze kuongea kabla hujaulizia kibali TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano.

Fundi Pasiansi
Tuje kwenye mngurumo. Weka betri kavu kwenye redio, zima swichi kuu ya nyumba. Ukiendelea, mchawi yuko nje.

Kijana wa Mwaloni
Nimezima. Uko vilevile.

Mama Dagaa
Mwanangu, redio siijui, dagaa nawajua. Hizo siku za kimya si ndio mbalamwezi? Mwezi ukiwa mkubwa watu hawaingii ziwani, maana taa haivuti dagaa. Hakuna mtu hapo jirani anayechaji taa za wavuvi kwa sola?

Kijana wa Mwaloni
Mama umenimaliza! Mbalamwezi kabisa. Nyuma ya nyumba kuna kibanda, paneli juu ya bati, betri zimepangwa chini, waya mrefu umepitishwa juu ya mwembe hadi kwenye taa. Giza la mwezi likija panajaa taa kuanzia asubuhi.

Fundi Pasiansi
Mama Dagaa apewe cheti. Chaji kontrola (vile vidude kati ya paneli na betri) za bei poa zinakata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na ule waya juu ya mwembe unarusha uchafu huo hewani kama antena ya kituo. Giza likiingia paneli hazizalishi, kimya.

Hakikisha kabla hujagombana na mtu. Hamia MW (masafa ya kati), tafuta sehemu isiyo na stesheni lakini yenye mngurumo, zungusha redio yote taratibu. Ndani kuna kijiti cha feraiti (kama jiwe jeusi la sumaku), ndiyo antena ya MW, kimelala. Mngurumo ukififia kabisa, ncha zake zinaelekea kwenye chanzo. Rudia ukiwa upande mwingine wa nyumba, uone mistari inapokutana. Ikiwa ni kibandani, zungushia waya wa paneli na wa taa kwenye pete za feraiti, mizunguko kadhaa, karibu na kontrola, zizuie uchafu huo. Waya ufupishwe pia.

Mzee wa Masafa
Tatatata inayohama inafanana na rada za kuona ng'ambo ya upeo wa macho. Ile ya Wasovieti, Duga, karibu na Chernobyl, iliwasumbua wasikilizaji dunia nzima kuanzia 1976 hadi 1989, mapigo kama 10 kwa sekunde, wakaipa jina la ndege kigong'ota. Siku hizi nchi kadhaa zinazo. Hiyo huna la kufanya, hama masafa.

Kijana wa Mwaloni
Nimezungusha pande zote mbili, mistari inakutana kibandani. Jamaa muungwana, kasema nilete hizo pete atafunga mwenyewe. Zinapatikana wapi mjini?

Fundi Pasiansi
Ulizia mafundi wa tivii. Yale mavimbe kwenye nyaya za monita za zamani ndiyo hayohayo, chana plastiki utoe.