Wauza turbo na supachaja Dar, acheni kumfungia mtu namba ya hospawa kwenye gari la kwenda kazini

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mwenye gereji aliyenifanyia haya simtaji, madai yangu kwake yako kwenye maandishi na anayo. Humu nataka tuzungumzie mchezo wenyewe, kwa sababu nimeongea na wenzangu wenye Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ hapa mjini na karibu kila mmoja ana kisa kinachofanana na changu.

Gari ni Toyota 86 ya toleo la kwanza, msimbo wake ZN6, injini FA20, gia za mkono, limetoka Japani. Silipeleki kwenye mashindano. Ni Tegeta hadi Posta asubuhi, Posta hadi Tegeta jioni, na kumshusha mtoto shule katikati. Niliyasema yote hayo pale kaunta kabla sijauliza bei. Nikaeleza pia ninachokitafuta: kila aliyeendesha gari hili anajua kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika injini inalegea, na kwa matumizi yangu hapo ndipo ninaposhinda kutwa. Nikaulizia supachaja, kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada. Nikajibiwa kwamba turbo na supachaja ni kitu kimoja, moja inazungushwa na moshi na nyingine na mkanda, basi. Na turbo ilikuwepo stoo.

Si kitu kimoja, na fundi anayelipwa kwa kazi hii hana ruhusa ya kusema hivyo. Hata supachaja zenyewe hazifanani. Ile ya rota mbili, kama ya Edelbrock inayotumia rota za Eaton, inasukuma kiasi kilekile cha hewa kila inapozunguka, kwa hiyo busti, yaani msukumo wa hewa ya ziada, unaikuta tangu chini. Ile ya feni, kama ya Jackson Racing yenye kichwa cha Rotrex, busti yake inapanda na mizunguko, na inapanda karibu kwa mraba: ukiwa 3,500 unapata kama robo tu ya utakachopata kwenye 7,000. Hiyo ya feni ina wema wake, maana torki (nguvu ya kuzungusha) haishtuki chini na konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, hazipati kipigo, lakini anayeshinda kwenye 2,500 hataisikia. Turbo nayo inategemea ukubwa. Ndogo huwahi, kubwa huchelewa. Mimi nimefungiwa kubwa. Busti inaanza kuamka baada ya 4,000, kisha inakuja yote kwa mkupuo. Pale palipolegea bado pamelegea, na juu yake pameongezwa nguvu ambayo Bagamoyo Road hainipi nafasi ya kuitumia.

Kwa nini ile kubwa? Kwa sababu ndiyo inayotoa namba kubwa kwenye karatasi ya daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Namba ndiyo inayouza.

Sasa njooni kwenye uongo ulioniuma kuliko wote. Nilipouliza kama injini itavumilia, nikaambiwa: "FA20 hiyohiyo iko kwenye Forester XT na inatoka na turbo kiwandani, ondoa hofu." Watu wengi wanamezeshwa hili kwa sababu Forester XT zimejaa mjini na zinatembea vizuri. Jina la familia ni moja, injini ni mbili tofauti. FA20 ya Subaru Forester XT na WRX ina mgandamizo, yaani kiasi silinda inavyobana hewa, wa 10.6 kwa 1. Ya 86 ina 12.5 kwa 1. Ya Forester ilichorwa tangu mwanzo ipokee turbo. Ya 86 ilichorwa ivute hewa yenyewe mpaka juu, hospawa zake 200 zinapatikana kwenye mizunguko 7,000, na mhandisi mkuu wake, Tetsuya Tada, alikataa kwa makusudi kuiwekea turbo. Ukiongeza busti juu ya 12.5 unaweza, watu duniani wanafanya na magari yanadumu, lakini nafasi ya kukosea inakuwa nyembamba sana. Petroli ikiwa dhaifu kidogo, hewa ikiwa ya moto kidogo, au muda wa cheche ukiwa mbele kidogo, injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka yenyewe ndani ya silinda. Na kugonga kukiendelea chini ya mzigo ndiko kunakovunja pistoni na kupinda konrodi.

Yangu inagonga. Gia ya tatu, nusu ya akseleta, mchana wa jua. Nimerudi gereji nikaambiwa niongeze dawa ya kusafishia nozeli.

Chanzo nimekitafuta mwenyewe. Programu waliyoniwekea kwenye kontroboksi, kompyuta ya injini, imeandikwa Marekani kwa petroli ya oktani 93; oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia bila kugonga. Pale gereji wakasoma 93, wakasema petroli yetu nayo ni ya tisini na kitu, kwa hiyo sawa. Si sawa hata kidogo! Namba inayobandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Sisi huku, kama Ulaya na Japani, tunahesabu kwa RON peke yake. 93 ya Marekani ni kama 98 kwa hesabu yetu, na hata 91 yao inakaribia 95 au 96. Kule Japani gari hili limeandikwa kabisa kwamba linakunywa petroli ya daraja la juu, ile inayouzwa kama 100. Mtu anayelipwa kutuni, yaani kupanga programu ya, injini ya 12.5 yenye turbo na hajui tofauti ya RON na namba ya Marekani anacheza na mali za watu, na hili nitalirudia popote nitakapopewa nafasi ya kusema.

Halafu joto. Hewa ikibanwa inapata moto, hilo halina ubishi. Chukua mchana wa Dar wa nyuzi 33, bana hewa hiyo mpaka nusu bar ya busti, na kwa kompresa ya kawaida itatoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 80. Kazi ya intakula ni kuishusha kabla haijaingia kwenye injini, na intakula inahitaji upepo. Upepo uko wapi pale Mwenge saa kumi na moja jioni? Gari limesimama, intakula inakaa mbele ya rejeta na kondensa ya eisii, vyote vinachemka pamoja. Ukipata mwanya ukakanyaga, injini inavuta hewa ya moto ikiwa na programu ya mtu aliyepima gari lake kwenye baridi ya kwao. Rejeta ya oili haikuwemo kwenye seti. Niliulizia, nikaambiwa hiyo ni ya watu wa mashindano. Turbo inapikwa na moshi na inalainishwa na oili ileile ya injini, sasa foleni ya masaa mawili kwenye jua la Februari ni ya watu gani?

Hata mahali walipoweka vitu panaonyesha hawakufikiria barabara zetu. Chujio la hewa limeshushwa nyuma ya bampa, chini. Masika yakianza, dimbwi moja la kina linatosha kuvuta maji, na maji yakiingia kwenye silinda hayabaniki, konrodi ndizo zinazopinda. Bomba la intakula linapita chini kiasi kwamba matuta ya mtaani kwetu navuka kwa upande.

Na hili neno "seti kamili". Bei niliyolipa ilikuwa ya seti kamili. Kumbe leseni ya programu ya kutunia haimo, na leseni za aina hii zinafungwa kwenye gari moja tu, huwezi kuazima ya mwenzako. Kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta hakimo. Klachi haimo, na klachi ya kiwandani iliyotengenezwa kwa torki ya Nm 205 imeanza kuteleza. Kila kimoja kinakuja kama taarifa mpya baada ya pesa kutoka. Mngeniambia jumla siku ya kwanza, ningejua kama naimudu au naachana nayo.

Ndugu wa Mbeya, Arusha na Nairobi, nanyi msikilize hapa, kwa sababu mnauziwa karatasi zilezile. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ina msukumo pungufu kwa karibu asilimia 18. Supachaja inazungushwa na kranki, mhimili wa injini, kwa uwiano wa puli, haijui uko wapi, kwa hiyo na busti yake inapungua kwa kiwango hichohicho. Turbo inaweza kuzunguka kasi zaidi ikafidia, ila inachoshwa haraka na inatoa hewa ya moto zaidi. Kule juu ningeielewa hoja ya turbo. Aliyeniuzia mimi ninayeishi usawa wa bahari hakuwa na hoja yoyote, alikuwa na stoo ya kupunguza.

Ninachodai kiko wazi. Gereji inirudishie pesa ya kutuni, kwa sababu kazi hiyo haijafanyika, imenakiliwa. Busti ishushwe leo mpaka kiwango cha chini cha springi ya vali inayozuia busti ya turbo, bila malipo. Chujio lihamishwe juu. Na kwa gereji zote zinazofanya biashara hii: kabla hujapokea pesa, mwandikie mteja ni petroli ya RON ngapi programu imetuniwa, busti inaanza kwenye mizunguko mingapi, na vitu gani havimo kwenye bei. Karatasi moja tu. Asiyeweza kuiandika hajui anachouza.

Wanaotaka kuniambia niuze gari ninunue Subaru yenye turbo ya kiwandani, nimewasikia na sitajibu. Swali langu kwenu wengine ni hili: kuna fundi Dar, au hata Nairobi, anayetuni FA20 ya 12.5 akiwa ndani ya gari, barabarani, mchana, kwa petroli ya hapa hapa, na kukuonyesha kumbukumbu za kugonga kabla na baada? Kama umefanyiwa kazi naye na gari bado linatembea, niambie anapatikana wapi. Kituo cha petroli achague yeye, nitajaza huko huko.