Mazabodi imebadilishwa, kompyuta haiingii Windows: kuwasha CSM, kugeuza diski kuwa GPT au kupiga Windows upya?

Sangara64 (Buzuruga)
Wakuu, habari za jioni. Mashine ni ya stesheneri. Mazabodi ya zamani ilikuwa ya aina ya H61 na imekufa, ikawekwa ya H110, mpya zaidi ila ya mtumba, prosesa i5-6500, RAM GB 8 ya DDR4. SSD ni ileile ya GB 240 yenye Windows 10 ya biti 64, na ndani kuna mafaili ya wateja pamoja na programu ya mahesabu ambayo CD yake haipo tena. Inawaka, nembo inatokea, halafu maandishi meupe: Reboot and Select proper Boot device. Ndani ya BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi) SSD inaonekana kwa jina na ukubwa wake.

Nimeshauriwa mambo manne: niwashe CSM (swichi ya BIOS ya kuruhusu mtindo wa zamani wa kuwasha), nigeuze diski iwe GPT (mpangilio mpya wa diski), nipige Windows upya, au nirudishe hii H110 nitafute H61 nyingine. Ipi ina hatari ndogo kwa mafaili, na ipi haili bando?

Bisibisi_Kirumba
Mtu asifomati chochote kabla hujajua diski imepangwaje. Hayo maandishi hayatoki Windows, yanatoka kwenye mazabodi: imepekua diski zote na haikukuta pa kuanzia kwa mtindo inaoutafuta. H61 nyingi zilipigwa Windows kwa mtindo wa zamani, diski ikiwa MBR, yaani mpangilio wa zamani. Yako mpya yaelekea imewekwa UEFI tupu, ule mtindo mpya wa kuwasha, kwa hiyo haisomi mwanzo wa MBR kabisa. Diski inaweza kuwa nzima kama ilivyokuwa wiki iliyopita.

Hakiki hivi. Washa kwa flashi yoyote ya kupigia Windows 10. Ikifika kwenye dirisha la kuchagua lugha, bonyeza Shift+F10. Kidirisha cheusi kikifunguka andika `diskpart`, Enter, kisha `list disk`. Tazama safu ya mwisho kulia, yenye kichwa Gpt. Mstari wa SSD ukiwa na kinyota hapo, diski ni GPT. Pakiwa patupu ni MBR. Andika `exit` utoke. Usijaribu neno `clean` humo ndani hata kwa udadisi, linafuta mpangilio wote wa diski na haliulizi.

Ikiwa MBR: ingia BIOS kwa Delete, zima Secure Boot, washa CSM, weka SSD iwe ya kwanza, F10. Dakika tano, bando sifuri, na diski haijaandikwa hata herufi moja. Ndiyo maana naiweka mbele ya zote.

Makoroboi_IT
CSM ni plasta tu, mkuu. Utaiacha hapo, kesho betri ya saa inakufa, BIOS inarudi ya kiwandani, mashine inagoma tena na mwenye duka anaanza kupiga simu. Kwa mashine ya biashara bora kupiga Windows upya: flashi ya GB 8, faili la Windows linalozidi GB 5, saa moja na nusu pamoja na madraiva. Mafaili unayatoa kwanza kwa kuichomeka SSD kwenye mashine nyingine. Hapo hubebi uchafu wa H61.

Bisibisi_Kirumba
Na programu ya mahesabu isiyo na CD utaitoa wapi? Kukopi folda yake peke yake mara nyingi hakutoshi, sehemu ya mipangilio iko kwenye rejista. Halafu hizi si enzi za XP. Windows 10 ikikuta mazabodi nyingine inatafuta vifaa upya yenyewe, inajizima na kuwaka mara moja au mbili, inaendelea. Utabaki kuweka draiva ya mtandao na ya sauti.

Ukifomati hupati Windows 11 vilevile. i5-6500 ni kizazi cha 6, na orodha ya Microsoft kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Utarudi kwenye Windows 10 ileile ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kupiga upya nakubali kama SSD yenyewe inaumwa au Windows ilishaharibika kabla mazabodi haijafa.

Hilo la betri lakini ni kweli. Weka CR2032 mpya leo, ya mtumba usiiamini. Ikisoma chini ya volti 2.7 hivi kwenye mita, tupa.

Ohm_Nyegezi
Nyote mmeruka njia ya kati. CSM nzuri ya kuthibitisha kwamba Windows iko hai. Ikishaingia, igeuze diski ukiwa ndanindani ya Windows, na CSM huihitaji tena. Kifaa chake kimo kwenye Windows 10 tangu toleo la 1703, hakuna cha kupakua.

Fungua Command Prompt kama msimamizi:
`mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS`
Ikisema imefaulu:
`mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS`

Hakikisha namba 0 ndiyo SSD kwa `list disk`, maana ukiwa na diski mbili inaweza kuwa 1. Ikimaliza, usiiwashe kwanza kwa mtindo wa zamani, haitaingia. Nenda moja kwa moja BIOS, zima CSM, na kwenye orodha chagua Windows Boot Manager.

Inapokwama huku kwetu karibu kila mara ni jambo moja: partisheni (vipande vya diski) nne. Inataka zisizidi tatu za msingi, na isikute ya logical (iliyokatwa ndani ya partisheni nyingine) hata moja. Mafundi wetu wanapenda kukata D ya kuwekea data, kwa hiyo unakuta ile ndogo ya System Reserved, C, ya Recovery, na D. Hapo `/validate` inakataa. Dawa ni kuhamisha vya D kwenye diski ya nje, kuifuta D, kuhakiki tena. Baada ya kugeuza, utaikata upya ukipenda, GPT haina shida ya idadi hiyo.

Kabla ya `/convert` weka mashine kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika jedwali la diski, hapo ndipo utamtafuta Makoroboi_IT na flashi yake.

Makoroboi_IT
Hahaha, nipo.

Nansio_Net (Ukerewe)
Samahani mwanzisha uzi, nadandia. Huku mazabodi imebadilishwa pia, ila haifiki hata kwenye nembo. Feni inazunguka sekunde mbili, inazima, inawaka tena yenyewe, picha hakuna. Nataka kujua kama kuna cha kupima hapa kabla ya kuipakia kwenye meli kuja Mwanza mjini.

Dada_Mita
Kipo kingi, kaka, usiipakie bado. Hiyo si ya diski, usihangaike na CSM.

Anza na waya wa prosesa: ule wa pini 4 au 8 unaochomekwa peke yake karibu na prosesa, mbali na mkubwa wa pini 24. Ukisahaulika, feni huzunguka na picha haiji. Pili, ng'oa mazabodi kwenye kasha uilaze juu ya boksi la karatasi. Chini yake kwenye kasha kuna vile vigingi vya shaba vya kupokea skrubu. Kimoja kikibaki mahali ambapo mazabodi mpya haina tundu, kinagusa njia za umeme kwa nyuma na pawa saplai inajikata, ndiyo hiyo ya sekunde mbili. Iwashe hapo juu ya boksi kwa kugusisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Ikitulia, kosa ni kasha.

Isipotulia, toa RAM zote, weka spika ndogo ya pini 4, washa. Ikilia milio ya kulalamika, prosesa na mazabodi wako hai na tatizo ni RAM. Futa miguu ya RAM kwa kifutio cha penseli, unyevu wa ziwani unaiwekea ukungu usioonekana. Rudisha kipande kimoja tu. Kimya kabisa, fungua kifuniko cha prosesa, mulika tochi ya simu kwa ubavu: pini zote ziwe mstari mmoja. Kama ni Intel pini ziko kwenye mazabodi, na moja iliyolala inatosha kuua kila kitu.

Pawa saplai pima ikiwa imebeba mzigo. Njano volti 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Zambarau iwe na 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani. Na kama kasha ni la Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1, kichwa kikubwa cha pawa saplai si cha pini 24. Dell hiyo ni 8, HP ni 6. Mazabodi ya kawaida humo inataka pawa saplai nyingine.

Bisibisi_Kirumba
Kuhusu kurudi H61: inawezekana, lakini prosesa yako ya zamani kama ni kizazi cha 3, mfano i5-3470, H61 za mwanzo haziitambui bila BIOS mpya, na kuiweka hiyo BIOS unahitaji kwanza prosesa ya kizazi cha 2. Unanunua mtumba mwingine uliochoka. Hiyo njia ifute.

Ohm_Nyegezi
Nyongeza. Ikikuomba namba 48 za BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data za diski) usishangae, ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye chipu ya mazabodi iliyokufa. Unapatikana kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika, kama ilitumika. Leseni nayo inaweza kujiona iko kwenye mashine ngeni. Ile iliyokuja na mashine kutoka kiwandani hufuata mazabodi yake, haihami.

Sangara64
Kinyota hakipo, ni MBR. CSM imewashwa, nembo ya Windows imekuja, kisha skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Bisibisi_Kirumba
Afadhali, sasa kosa limehamia kwenye Windows. H61 yaelekea ilikuwa kwenye IDE, namna ya zamani ya kuwasiliana na diski, hii iko AHCI, namna mpya, na draiva ya AHCI imelala. Izime kwa nguvu inapopakia, mara mbili au tatu, mpaka ilete Automatic Repair. Ingia Advanced options, Troubleshoot, kisha Advanced options, Startup Settings, Restart, bonyeza 4. Safe Mode inaamsha draiva hiyo yenyewe. Ikifika kwenye desktopu, iwashe upya kawaida.

Sangara64
Imeingia! Programu ya mahesabu inafunguka. Partisheni ziko nne kama Ohm alivyosema, D ina GB 31. Nakopi leo kwenye flashi ya GB 32, kesho nageuza.

Ohm_Nyegezi
Haitaingia mkuu, flashi ya 32 Windows inaisoma 29 na kitu. Chukua ya 64.