Maji yamekatwa, choo kimejaa, kodi tumeshalipa: tufanye nini na mwenye nyumba?

Mama Dagaa, Mabatini

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Nimepanga vyumba viwili Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, mwaka wa tatu sasa. Tuko wapangaji saba kwenye uwanja mmoja: mita moja ya maji, LUKU moja ya umeme, choo kimoja. Kodi tunalipa miezi sita kwa mkupuo, yangu inaisha Desemba. Kando ya kodi, kila mpangaji anatoa 6,000 ya maji kwa mwezi. Anayepokea ni mpwa wa mwenye nyumba, maana mzee mwenyewe yuko Geita.

Wiki tatu zilizopita wamekuja kukata maji. Deni la miezi minane! Nikampigia mzee, akanijibu nyumba ni yake, asiyeridhika ahame. Nihame vipi na hela yangu anayo yeye?

Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba. Narudi nanuka, na watoto wawili wa shule wanataka sare safi. Ndoo ya lita 20 vijana wanaipandisha kwa 500, na mimi sipungui ndoo sita kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Ila kinachoninyima usingizi ni choo. Shimo limejaa tangu masika. Mvua ikinyesha uchafu unateremka kwenye ngazi za mawe mpaka mlangoni kwa bibi wa chini, ambaye hata si mpangaji mwenzetu. Kutoka hapo ni Mto Mirongo, na Mirongo inaingia ziwani. Asubuhi nikipita nashindwa hata kumwamkia yule bibi.

Tukichanga tukalipa deni, tunaruhusiwa kulikata kwenye kodi?

Fundi wa Igogo

Pole sana dada. Mpwa msimpe tena hata mia. Nendeni ofisi ya maji na namba ya mita, mchukue bili, mlipe wenyewe kwa namba ya malipo na risiti mtunze. Lakini msikate kodi kimya kimya. Sisi tulifanya hivyo, tukageuka wadaiwa, vyombo vyangu vikatolewa nje mvua inanyesha. Andikeni makubaliano, mzee asaini, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri.

Karani mstaafu

Mwanangu, Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, inambana mwenye nyumba hata kama mkataba wenu ni wa mdomo tu. Nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku unapoingia na muda wote wa upangaji. Mkipanga sehemu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na vitu vya kutumia pamoja ni vya kutengenezwa na yeye. Choo chenu kimo humo. Anzeni kwa mwenyekiti, kisha Baraza la Kata lijaribu kuwasuluhisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na LUKU nayo iangalieni. Ile 1,500 inayokatwa kila mwezi mnaponunua umeme mara ya kwanza ni kodi ya jengo, ni deni la mwenye nyumba. Mdaini.

Mama mwenye nyumba, Buhongwa

Nina wapangaji watano, nasema kwa uchungu: hela ya maji ya mpangaji si ya mwenye nyumba, ni amana. Kuhusu choo, huko juu gari la majitaka halifiki na mpira wake haufiki. Mwiteni afisa afya wa kata aje aone kwa macho. Akimwandikia mzee notisi, si ugomvi wa wapangaji tena.

Mama Dagaa, Mabatini

Asanteni, Mungu awabariki. Baba, hiyo 1,500 nimeielewa leo. Kumbe ndiyo maana kila tarehe moja hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua umeme. Mara nyingi ananunua dada wa chumba cha mwisho mwenye kichanga. Nimefungua daftari, nimeanza na jina lake. Jioni hii tumekaa wote saba, sita wamesaini, mmoja anaogopa kufukuzwa na sikumlazimisha. Kesho nikitoka mwaloni napitia kwa mwenyekiti, halafu kwa afisa afya. Bibi wa chini amesema atafuatana nami.